Barabara Iliyompisha Baba

Ijuganyondo,
12 Februari 2024

Tatenkazi Ephrasia, shangazi yangu mpendwa,

Waitu, hujambo huko Kishanda? Goti linakuacha ulale? Sisi ni wazima. Mwanangu Nancy ana mwaka na miezi minane sasa, ameanza kukimbia, ila anakimbia kinyumenyume na kucheka, mpaka anaanguka kwenye majivu. Meno ni kumi na mawili. Kicheche amekula kuku wawili. Migomba ya nyuma imepata mnyauko, nimekata mashina saba nikayafukia kama bwana shamba alivyosema. Ya mbele, iliyozunguka kaburi la Baba, haijaguswa. Mimi nasema Baba anailinda. Najua utacheka.

Barua nampa Mutembei, yule anayekuja huko kununua ndizi. Sipigi simu kwa sababu simu ya huko anayo Baba Mkubwa Rwekaza, na kila nikipiga anaweka sauti ya juu nyumba nzima inasikia. Hata mbuzi wake wanajua habari zangu.

Jambo lenyewe ni hili. Wamekuja wapima ardhi. Ijuganyondo yote inapimwa, tunakuwa viwanja vya mji, kila kibanja kitapewa namba na hati. Mpima mwenyewe ni kijana mpole anaitwa Gozbert. Alifika na kamba na zile nguzo fupi za zege, akataka kunyoosha barabara ipite mbele ya nyumba. Alipoona kaburi la Baba akasimama, akavua kofia. Akachora barabara ikapinda. Nikamwambia, "Kaka, barabara imempisha mzee." Akasema, "Dada, mtaa huu umepinda mahali pane, na kila pindo ni kaburi. Ramani ya Ijuganyondo imechorwa na marehemu, mimi nanakili tu." Nilifurahi mno. Nilijiona na mimi nina mtu mkubwa mjini.

Sasa kamati ya mtaa inapita kuuliza jina la kuandika. Karatasi wengi hatuna. Kamati inauliza, hapa kalala nani, na nani alisikia neno lake la mwisho. Tatenkazi, wewe ndiye uliyekaa kitandani kwa Baba siku ile. Mimi nilikuwa nje nachemsha maji, nikasikia dirishani anasema, "Nyumba hii na migomba ni ya Kokuhirwa, asiguswe." Lakini mtoto hawezi kujishuhudia. Na mimi ndiye mtoto pekee, tena wa kike, unajua ukoo unavyosema. Kwa hiyo nakuomba ukija useme tu ulichosikia. Maneno kumi hayafiki.

Nancy anakupungia mkono.

Wako,
Kokuhirwa

*

Kishanda,
3 Machi 2024

Mwana wange Kokuhirwa,

Salamu nyingi. Mutembei kafika na barua yako, kaikunja mfukoni pamoja na pilipili, nimeisoma nikipiga chafya. Hapa mvua imeanza vizuri. Kahawa imechanua mlima mzima mweupe, ukipita asubuhi unadhani kuna harusi. Baba yako Mkubwa anaumwa kiuno lakini ulimi wake mzima. Mwambie Nancy bibi yake anamchekea huko huko kinyumenyume. Baba wa mtoto hajambo? Hujamwandika.

Nimesoma habari ya barabara. Nimelia. Kaka yangu Rugemalira, mtoto wa Kishanda, amelala kando ya barabara! Leo wameipindisha, kesho atakuja mpima mwingine hana adabu, ataweka lami juu ya kifua chake. Magari ya mchanga yatapita. Walevi watakojoa hapo. Wewe unasema barabara imempisha, mimi nasema barabara imemfikia.

Wazee wa ukoo wamekaa. Wamesema Rugemalira arudishwe nyumbani alale karibu na baba yake, chini ya ile miti ya milamula aliyopanda babu yenu kuonyesha mpaka. Baba yako Mkubwa atagharimia yote, misa, sanduku jipya, ng'ombe. Hakuna mtu wa ukoo huu aliyewahi kupewa heshima hiyo. Wanahitaji tu sahihi yako, maana wewe ndiye mtoto. Kubali, mwana wange. Mtoto anayemrudisha baba yake kwao hupata baraka mpaka kwa wajukuu.

Nimekutumia mahindi na kahawa kidogo ya kutafuna, uwape wageni.

Shangazi yako,
Ephrasia

*

Ijuganyondo,
24 Machi 2024

Tatenkazi mpendwa,

Mahindi tumeyachoma yote siku hiyo hiyo. Nancy kameza hata nywele za mahindi. Asante.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, kwa sababu nimezoea kumwamkia Baba kila asubuhi nikienda kisimani. Mara ya tatu nikaona una haki. Mtu atalala vipi na honi za pikipiki? Na mimi ni nani nimnyime kulala na baba yake? Nilimwuliza katekista, akasema kanisa halikatazi, mifupa ni mifupa, roho iko kwa Mungu.

Nimeshaweka sahihi. Baba Mkubwa alikuja mwenyewe na karatasi, akamletea Nancy viatu vyekundu, akaniita "mtoto wetu mwenye akili". Tangu Baba afe hajaniita hivyo. Bwana afya naye amesaini. Watafukua Jumamosi tarehe kumi na tatu Aprili.

Ila Tatenkazi, hukunijibu kuhusu lile neno la Baba. Naona ulisahau kwa furaha. Tutaongea nikija Kishanda.

Wako,
Kokuhirwa

(Baba wa mtoto ni mzima.)

*

Ijuganyondo,
28 Aprili 2024

Tatenkazi wangu,

Natumaini umepumzika baada ya kazi yote ile. Mimi mgongo bado unauma kwa kumenya ndizi, lakini ni maumivu matamu. Nancy anawaambia watu wote "ng'ombe, ng'ombe", hajasahau.

Sijawahi kuona watu wengi hivyo kwa ajili ya Baba. Siku alipozikwa huku mjini tulikuwa ishirini na mvua. Kishanda walijaa mpaka kwenye kahawa. Lile sanduku dogo, nilidhani nitaogopa, kumbe nililishika nikaona jepesi kama Nancy alipozaliwa. Ulipoimba mbele ya kaburi jipya nilikuona mzuri, kama msichana.

Nilitaka tuongee usiku ule lakini kila nikikusogelea unainuka kuchukua chombo. Ulichukua vyombo vingi, Tatenkazi.

Sasa sikiliza kilichotokea niliporudi. Lile shimo walilofukua, wazee walizika mgomba ndani yake kama desturi, shimo la mtu halirudishwi tupu. Jumatatu ile ile Gozbert akarudi na kamba. Nikamwona anang'oa nguzo za zege. Nikamwuliza, "Kaka, vipi tena?" Akasema, "Dada, kaburi halipo. Barabara inanyooka." Hakuniangalia usoni. Akaongeza kwamba kuna mtu amepeleka mchoro mpya. Barabara ikinyooka, kibanja chetu kinatoa viwanja vinne, kila kimoja na uso barabarani. Penye kaburi hapanunuliki, Tatenkazi. Hakuna mtu wa Bukoba anayejenga sebule juu ya mfu wa mwenzake. Sasa panafaa.

Nikamwuliza, "Mtu gani kapeleka?" Akasema, "Mzee wenu wa Kishanda."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Kisha nikasema, hapana, Baba Mkubwa anataka kunisaidia tu, ataandika jina langu kwenye kimoja, vingine ukoo ugawane. Hata hivyo ni sawa. Sina choyo. Kimoja chenye nyumba kinatutosha mimi na Nancy.

Kamati inakaa Jumamosi tarehe nane Juni, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Mwenyekiti Joackim amesema akija shahidi mmoja tu aliyesikia neno la Baba, ataandika jina langu. Shahidi ni wewe. Hakuna mwingine duniani.

Nijibu.

Kokuhirwa

*

Kishanda,
20 Mei 2024

Mwana wange,

Hatujambo. Mvua imezidi, maharage yameoza shambani. Kuku wangu mweupe ameangua tisa, saba wapo. Mwenye duka hapa chini ameoa tena, mke wa tatu, mfupi sana, wanasema akisimama nyuma ya kaunta wateja wanadhani duka halina mtu. Senene hawakuja mwezi huu. Kaburi la baba yako limesakafiwa, zuri, na msalaba.

Siku hizi sikio la kushoto halisikii vizuri. Nadhani hata zamani lilikuwa hivyo.

Umeuliza kuhusu safari. Goti, mwana wange. Na Bukoba ni mbali kwa mtu wa goti.

Nikwambie kitu. Mimi nilirudi kutoka Kanazi, kwa mume, na sanduku moja, miaka kumi na tisa iliyopita. Nyumba ninayolala imo ndani ya kibanja cha kaka yangu Rwekaza. Migomba ninayokata ni yake. Kisima ni chake. Wewe umesoma mpaka darasa la saba, mimi la nne, kwa hiyo sitakueleza zaidi.

Baba wa Nancy kwa nini haji kutoa posa? Mwanamke akiwa na mume mambo mengi hayaulizwi.

Ephrasia

*

Ijuganyondo,
26 Mei 2024

Tatenkazi,

Pole kwa maharage na pole kwa vifaranga wawili. Sisi wazima. Nancy alikuwa na homa siku mbili, imepoa.

Nimeelewa ulichoandika na ambacho hukuandika. Mimi si mjinga, nachelewa tu.

Lakini Tatenkazi, ndiyo maana nakuomba zaidi! Hii nyumba ina vyumba viwili. Ukisema lile neno na Baba Mkubwa akakukasirikia, hutalala nje. Utalala huku. Nimeshatoa magunia chumba cha nyuma, nimepaka chokaa, nimeazima kitanda. Utafuga kuku wako. Nitauza vitumbua asubuhi, wewe utakaa na Nancy umfundishe Kihaya kizuri, maana changu kimechanganyika. Fikiria, wanawake watatu wa ukoo kwenye kibanja kimoja mjini, na hati ina jina la mmoja wetu! Nani aliwahi kuona?

Nikwambie ninavyouona mji huu. Jirani zangu wote, ukimwuliza mtu kwao, hasemi Bukoba. Atasema Kishanda, au Kanazi, au ng'ambo ya ziwa. Ana nyumba ya vigae hapa, geti linafunguka lenyewe, lakini akifa geti linafungwa na jeneza linapandishwa gari kwenda kwao. Kwa hiyo mtaro ukiziba hakuna anayezibua. Taa ya njiani ikifa imekufa. Kila mtu yuko safarini, hata aliyekaa miaka arobaini. Mimi nilidhani mimi siko safarini, kwa sababu Baba alikuwa amelala hapa. Tumemwondoa kwa mikono yetu. Limebaki neno lake tu, na neno hilo limo ndani yako.

Mutembei ana gari Ijumaa ya tarehe saba jioni. Atakuweka mbele, goti utalinyoosha. Nimeshamwambia.

Nakungoja na chai.

Kokuhirwa wako

*

Kishanda,
12 Juni 2024

Mwana wange Kokuhirwa,

Sisi tumefika salama. Njia ilikuwa na matope. Vifaranga wamebaki sita, mmoja kachukuliwa na kipanga.

Nimempa Mutembei mkungu mmoja wa ndizi, mkubwa, na blanketi la Nancy. Ni blanketi jipya, halijatumika. Mfunike vizuri, baridi ya Juni ni mbaya kwa kifua.

Kahawa inaanza kuiva.

Tusameheane kama wanadamu.

Shangazi yako

*

Kashai,
7 Julai 2024

Kwa Shangazi Ephrasia,

Salamu. Mtoto ni mzima. Kama unavyoona hapo juu, hatupo tena Ijuganyondo.

Mkungu wa ndizi tuliupokea. Nilitaka kuurudisha, nikauweka mlangoni siku mbili. Siku ya tatu Nancy akalia njaa, nikaumenya. Ulikuwa mtamu. Hilo nalo limeniuma.

Barua yako haikusema kitu kuhusu tarehe nane, basi nitasema mimi, ili siku moja ukiulizwa tena usiseme hukumbuki.

Ijumaa nilingoja gari la Mutembei mpaka chai ikapoa. Akashusha ndizi peke yake. Akasema, "Mama hakuja barabarani." Nikasema goti. Usiku kucha nikawa nasema goti. Asubuhi nikaenda na Nancy mgongoni, nikawaona mnashuka kwenye gari jeupe, wewe na Baba Mkubwa, umevaa kitenge kipya cha bluu. Moyo wangu uliruka kwa furaha, shangazi. Nilidhani umemshawishi. Niliita "Tatenkazi!" watu wakageuka. Wewe ulikuwa unatazama matope usichafue viatu.

Ulikaa upande wake. Hapo ndipo nilipojua, lakini bado sikujua.

Mwenyekiti Joackim alikuuliza kwa adabu, "Mama, marehemu alisema nini siku ile?"

Ulifungua mkoba, ukatoa leso, ukaufunga. Ukasema, "Alikuwa mgonjwa. Wagonjwa husema mengi."

"Alimtaja binti yake?"

"Alitaja watu wengi."

"Kuhusu nyumba, mama. Alisema nyumba ni ya nani?"

Ukaikunja leso mara mbili. Kulikuwa na mwanamke anauza karanga pale nje, aliweka sinia chini asikilize. Nikakuangalia. Nilikuwa bado nakutumaini, hata wakati ule, naapa kwa mtoto huyu. Ukasema, "Sikio hili halisikii vizuri."

Baba Mkubwa akasimama. "Wazee wenzangu, sisi Wahaya tunajuana. Mwenye kaburi ndiye mwenye kibanja. Nionyesheni kaburi hapa." Watu wakatazamana. "Halipo. Rugemalira yuko kwake Kishanda, na binti mwenyewe alisaini tumrudishe, sahihi hii hapa. Angekuwa na chake huku, angekubali baba yake ang'olewe?" Kisha akanyoosha fimbo kwa Nancy. "Na huyu ni wa ukoo gani? Baba yake ni Hamidi, fundi baiskeli wa sokoni. Mnataka kumpa kibanja cha babu zetu mtoto wa Hamidi?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka mkutanoni. Nancy naye akacheka, maana alisikia jina la baba yake.

Uliniuliza mara mbili habari za Hamidi nikakwepa. Sikukuandika kwa sababu nilimwonea aibu. Nilitaka ukoo uniheshimu kwanza. Kumbe nilikuwa namficha mtu ambaye, siku nilipofukuzwa, alikuja na toroli akahamisha vitanda vyote viwili, cha kwetu na kile nilichokuazimia wewe, akakirudisha kwa mwenyewe bila kuniuliza kitanda ni cha nani.

Mwenyekiti aliandika jina la Baba Mkubwa. Simlaumu. Aliuliza, na aliyejua akanyamaza. Kaandika alichoambiwa.

Nilipewa wiki tatu. Barabara imenyooka sasa, inapita pale pale alipokuwa kichwa cha Baba. Wamekata migomba ya mbele, ile iliyokataa mnyauko.

Unaniandikia tusameheane kama wanadamu. Nimefikiri sana. Najua ulivyobanwa. Najua mtu wa miaka sitini na mbili hawezi kuanza kutafuta paa. Nisingekuwa na mtoto, labda na mimi ningeficha sikio. Lakini nilikuwa nimekupakia chumba chokaa, shangazi. Siyo kibanja kilichonivunja. Vibanja vinachukuliwa kila siku, nchi nzima, kutoka kwa wanawake wenye akili kuliko mimi. Kilichonivunja ni ile barua ya Machi, ambamo ulimlilia kaka yako huku ukijua kwa nini anang'olewa. Uliandika vizuri sana. Niliamini kila neno.

Tumepanga chumba kimoja Kashai. Jirani wote ni wapangaji, wavuvi, mama lishe, mwalimu mmoja. Kuna mtaro mbele ya mlango ulioziba tangu enzi. Jumapili baada ya kanisa nilichukua jembe nikauzibua. Mwenye nyumba akanishangaa, akasema, "Dada, wewe si unapita tu?" Nikamwambia hapana.

Kisha nikaenda ofisini kuuliza makaburi ya manispaa yako wapi na masharti yake. Dada wa pale akadhani nimefiwa, akanipa pole na kiti. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nauliza la kwangu. Akasema, "Wahaya hawazikwi huko, huko wanazikwa wasiojulikana kwao." Nikamjibu kwetu panajulikana, ni hapa hapa mjini, ni vile tu sisi ndio wa kwanza. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Mwisho akanielekeza njia. Nilikwenda na Nancy tukapaona. Pana nyasi nyingi na upepo wa ziwa. Nimepakubali.

Usinitumie blanketi tena wala ndizi. Ukifukuzwa, na siku hiyo inakuja, maana Baba Mkubwa amekwisha kukutumia, njoo. Sitakuacha nje. Utalala chini upande wa mlango, na sitakuita Tatenkazi.

Hapa watu wakishaongea na Nancy kidogo humwuliza kama wanavyouliza wote, "Na kwenu hasa, hasa, ni wapi?" Hajui kujibu bado. Anageuka, ananyoosha kidole kwenye mlango wetu, ule wa bati la kijani, na kuwashangaa kwamba hawauoni.

Kokuhirwa wa Kashai